Mikono ya Edobei

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi huku hatujambo. Jana nilitazama filamu iliyonikosesha usingizi, na katika rafiki zangu wewe ndiye unayechora sura za watu, basi nimeona nikuandikie wewe.

Inaitwa Sharaku, ya mwaka 1995, imeongozwa na Masahiro Shinoda. Mambo yanatokea Edo, mji ambao leo ndio Tokyo. Mwaka 1794 mchoraji asiyejulikana na mtu, aliyejiita Sharaku, alitoa picha 28 kwa mpigo, zote za waigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ya Kijapani, zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa. Miezi kama kumi tu, picha zimepita 140, akatoweka. Wataalamu wengi husema alikuwa Saitō Jūrōbei, mwigizaji wa Noh, tamthilia za kale za Kijapani. Filamu imeshika njia nyingine: humu Sharaku ni mcheza sarakasi wa jukwaani aliyepondwa mguu na ngazi.

Njia hiyo nimeipenda mno. Mtu aliyekuwa akipiga mapindu nyuma ya waigizaji wakubwa amewaona kwa karibu, jasho na mikunjo yao yote. Ndivyo Sharaku alivyowachora. Wanawake walikuwa wamepigwa marufuku jukwaani, kwa hiyo nafasi zao zilichezwa na wanaume. Wachoraji wengine waliwaremba, yeye akawaachia taya zao za kiume. Hakumpunguzia mtu pua.

Itafute ile ya Ōtani Oniji akiwa Edobei, mtumishi mwovu anayenyemelea fedha. Shingo ameisukuma mbele, midomo ameibana, na mikono miwili inachomoza kifuani, vidole vimetanuka. Ni midogo, kama si yake. Najua utasema imekosewa. Sasa ifunike kwa kidole gumba: anabaki mtu mwenye hasira tu. Iachie, ndipo unapomwona mwizi. Nimefanya hivyo mara sijui ngapi. Nyuma yake kuna weusi uliotiwa unga wa ulanga, yale madini yanayong'aa, karatasi ikiinama inametameta.

Na huyo Tsutaya Jūzaburō, mchapishaji wa Sharaku! Mwaka 1791 serikali ilimnyang'anya nusu ya mali yake kwa sababu ya vitabu alivyotoa. Miaka mitatu baadaye anamwaga fedha kwenye picha za ulanga za mtu asiye na jina. Moyo wa namna hiyo sijui mtu anautoa wapi.

Mwandishi wa zama zile, Ōta Nanpo, alisema Sharaku hakudumu kwa kuwa alizidi kuchora ukweli. Hapo nikamkumbuka yule bibi harusi aliyekurudishia picha kwa sababu ulimchora na kovu lake la kidevuni. Uliniambia utalifuta uirudishe tena. Kama hujaigusa, tafadhali usilifute, Mwanaidi. Lile kovu ndilo lililomfanya awe yeye. Niwekee, nikija Idi nitaichukua niitundike sebuleni.

Wako akupendaye,
Rehema