Kuhusu kile kibebeo cha vifaa vya bustani

Shoga angu,

Mambo vipi huko Kigamboni, mchicha unaendeleaje na hizi mvua? Uliniuliza kile kibebeo cha mbao nimekitengenezaje, meseji haitoshi ndo maana nakuandikia kirefu.

Kwanza usinunue mninga. Kila fundi wa Keko atakuambia mninga ndo mbao, na kwa kitanda au mlango ni kweli kabisa, ila hiki utakibeba mkononi kikiwa na koleo dogo, mkasi wa kupogolea, kijembe, glavu na kamba, sa mbao yenyewe ikiwa nzito mkono unachoka kabla hujafika kwenye tuta. Chukua paini, hizi zinazotoka Mafinga, ila ziwe zimetiwa dawa maana mchwa wa huko kwako nawajua. Na vipande vitakavyobaki usichomee jikoni hata mkaa ukiisha, moshi wa ile dawa ni sumu.

Ubao mmoja wa 1x8, yaani inchi 1 kwa inchi 8, wa futi 12 unatoa vibebeo viwili, kimoja utampa mama. Waambie wakukatie katikati uingie kwenye bajaji. Kila nusu toa vipande viwili vya sentimita 35, hivyo ni vya kusimama kila mwisho, alafu viwili vya sentimita 50, kimoja upasue kwa urefu upate mbavu mbili za pembeni, kingine upate papi nne, yaani vipande vyembamba, za chini. Vile vya kusimama vikate mabega vichongoke juu, toboa tundu upitishe mpini. Mimi nimetumia mpini wa reki ya zamani, unajaa vizuri kwenye kiganja.

Sasa chini, hapa nakuomba sana unisikilize, usizibe na ubao mzima. Panga zile papi uache nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine, udongo unadondoka wenyewe, maji yanapita, koleo halilali kwenye tope likashika kutu, na ukitaka kukiosha unamwagia maji tu basi. Ila skrubu ukiipiga pale ubao ulipokatwa, yaani chini ya vile vya kusimama, haishiki, inazunguka tu, kwahiyo weka kipande kidogo kwa ndani ya kila kimoja, kipige gundi na skrubu, papi za katikati uzifungie hapo na za pembeni uzifungie kwenye mbavu. Toboa na drili kwanza, paini inapasuka haraka sana ukingoni. Misumari ya kawaida achana nayo, hewa ya chumvi hiyo itaila yote, pitia Gerezani utafute skrubu za shaba au stenlesi.

Utaambiwa pia upake oili chafu ya gari. Hapana jamani, mikono inayoshika hiyo ndo unachumia mboga! Paka vanishi ya nje mara mbili, katikati upige msasa laini, na pale ulipokata paka zaidi maana dawa haifiki ndani vizuri.

Ila kabla hujakata chochote pima vifaa vyako. Hizo 50 ni za vifaa vyangu, ndani inabaki kama 45, na lile koleo lako naona kama ni refu kidogo, likizidi hapo sana itabidi ubao utoe kimoja tu. Nitumie vipimo, Jumamosi navuka na pantoni nakuja na drili.

Msalimie mama sana.

Wako shoga ako wa Tabata