Vitanda vya bustani Jumamosi: mambo ya kujua kabla hatujaanza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi mmeuliza vipi tutapanda penye sakafu ya zege. Inawezekana. Kiwanja cha ndege cha Tempelhof, mjini Berlin, kilifungwa 2008, kikafunguliwa kama bustani ya umma 2010. Wenyeji wanalima pembeni ya njia za ndege, ndani ya vitanda vya mbao, bila kuchimba ardhi. Mwaka 2014 walipiga kura kiwanja kisijengwe majumba. Nasi tufuate njia hiyo ya vitanda.

Kila kitanda ni mita 2 kwa 1, kimo sentimita 40. Upana usizidi mita 1, mkono ufike kati bila kukanyaga udongo. Pigilia ubao wa kukaza katikati, maana udongo ukirowa unasukuma mbao nje na misumari inang'oka. Chini acheni nafasi ya kidole kila upande maji yatoke. Yakituama juu ya zege, mizizi inaoza.

Tandika makumbi sentimita 10, kisha toroli 6 za udongo, 3 za samadi na 1 ya majani makavu. Tafadhalini sana, makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba msilete! Yana chumvi, miche itaungua. Samadi iwe imeoza: ukiitia mkono ndani usisikie joto, wala isinuke mkojo.

Tukutane saa 1 asubuhi. Mwenye nyundo au toroli aandike hapa leo.