Shukrani kwa Fundi Mkerezaji wa Arusha

Fundi wangu, uliyeomba jina lako lisitajwe, pokea shukrani zangu za dhati. Kufunga injini ya Toyota 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, katika Land Rover 110 ya zamani ni kazi inayofahamika. Kilichotushinda wengine ni giaboksi. Wewe ulikereza bamba la kuiunganisha giaboksi ya Toyota yenye gia 5 na transfa ya Land Rover, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ukachonga shafti ya kati yenye meno yanayokubali pande zote mbili, kisha ukapima tena na tena, kwa kuwa vitovu vya shafti visipolingana beringi huliwa mapema. Kwa uvumilivu wako, ambao malipo niliyokupa hayaufikii, gari limeendelea kuvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, kama lilivyoundwa. Mungu aibariki mikono yako.