Propela ya ndege si ya kuning'inia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie picha mliyoichapisha wiki iliyopita, inayowaonyesha wanafunzi waliotembelea kiwanja kidogo cha ndege, mmoja wao akining'inia kwa mikono miwili kwenye propela ya Cessna. Nyuso zina furaha na picha imepigwa vizuri, lakini mimi niliyefundisha urubani kwa miaka mingi mwili ulinisisimka nilipoitazama.

Msomaji atauliza kuna hatari gani ilhali injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa rubani. Jibu liko kwenye magneto. Injini ya pistoni ya ndege haitegemei betri kupata cheche za kuchomea mafuta. Ina magneto mbili zinazozalisha umeme zenyewe kila injini inapozunguka, na kila silinda ina plagi mbili, ili upande mmoja ukiharibika angani mwingine uendelee na kazi. Ufunguo unapogeuzwa kuzima hauukati umeme huo, bali unauelekeza kwenye bodi ya injini kupitia waya wa ethi. Waya huo ukikatika au ukilegea, magneto inabaki hai hata ufunguo ukiwa nyumbani kwa rubani. Tena magneto nyingi zina springi inayozifyatua injini inapozungushwa polepole, kwa hiyo mkono wa mtoto unaweza kutosha kutoa cheche ndani ya silinda yenye mabaki ya petroli, na propela ikazunguka ghafla mtoto angali ameishika.

Ndiyo maana ndege hizi hazizimwi kwa ufunguo. Rubani huvuta kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mwisho, injini ikaunguza kilichomo na kusimama silinda zikiwa tupu, na ufunguo hufuata baadaye. Wanafunzi wangu niliwataka pia, kabla ya kukivuta kishikio hicho, injini ikizunguka taratibu kabisa, waugeuze ufunguo kuzima na kuurudisha papo hapo: injini isipoonyesha dalili ya kufa, ethi ina hitilafu, na fundi aitwe kabla mtu hajaisogelea propela. Ni kazi ya sekunde mbili, na wengi huiruka wakishapata leseni.

Kuwasha nako kuna mitego yake, hasa kwenye viwanja vya mbugani, ambako Cessna 206 hutua saa saba mchana, ikapakia abiria na kutaka kuondoka injini ingali moto. Petroli iliyomo kwenye mabomba hugeuka mvuke, injini ikakataa kushika, rubani akajaribu tena na tena huku akiipumzisha stata isiungue. Hapo ndipo wasindikizaji husogea mbele waone kuna nini, nayo injini hushika wakati wowote. Kila jaribio, hata la tano, lianze na rubani kukaza breki, kutazama pande zote mbili, kupaza sauti watu wakae mbali na propela na kuhakikisha kweli wamekaa mbali. Injini ikishika, jicho la kwanza ni kwenye geji ya presha ya oili; isipopanda ndani ya sekunde 30, izimwe. Na ikiwa petroli imezidi na moto umezuka kwenye njia ya hewa wakati wa kuwasha, rubani asiache kuzungusha stata kwa hofu, kwa sababu kuizungusha ndiko kunakovuta moto urudi ndani ya injini.

Siwalaumu walimu waliowapeleka watoto wale, kwani si kazi yao kujua magneto. Aliyepaswa kujua ni mwenyeji wao kiwanjani. Ninachoomba kwenu ni kwamba mkipata tena picha za ziara kama hiyo, mchague ile ambayo watoto wamesimama ubavuni mwa ndege, nyuma ya bawa.

Mwalimu mstaafu wa urubani,
Arusha