Zuhura, usiinunue kwanza hiyo taa

Chumbageni,
Tanga.

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana, na Mungu akuzidishie afya. Sisi huku hatujambo. Baba Rashidi anakusalimu, na wajukuu wamekua, ukiwaona hutawajua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliposema nyayo zinakuwaka moto usiku na mchana ni kama si zako, nilishtuka, maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Kisha hiyo habari ya kijana anayekuuzia taa nyekundu kwa laki tatu na nusu, kwamba inashusha sukari, inafungua mishipa, na baada ya mwezi vidonge unatupa. Nimeona nikuandikie kwa kirefu. Tafadhali usitoe hela kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Mwaka jana nami nilikwenda kukalia taa. Yangu ilikuwa ya joto, ya kulipia kwa saa. Nilinyoosha miguu chini yake dakika arobaini, nikasikia raha magotini, chini ya hapo sikusikia kitu. Alfajiri nikitawadha, kidole kikapita juu ya kitu laini karibu na kifundo cha mguu wa kushoto. Nikawasha taa ya bafuni. Lengelenge, kubwa kama zabibu, limejaa maji, na ngozi yote pembeni imeiva. Kesho yake likapasuka. Kile kidonda kilinichukua wiki tisa kufunga, nikienda kusafishwa kila baada ya siku mbili, na kila ninapokaa kwenye kile kiti nasali wasiniambie habari ya kukata. Muuguzi aliniambia mguu uliokufa ganzi haujui moto. Tangu siku hiyo hata maji ya kuoga napima kwa kiwiko.

Najua utasema taa yako haina joto. Huenda. Lakini utajuaje, ikiwa nyayo zenyewe hazikuambii?

Sasa, habari ya mwanga si uzushi mtupu, na sitaki kukudanganya. Rashidi alipokuja likizo nilimwomba anitafutie, akakaa nami jioni nzima kunieleza. Mwaka 2024 wataalamu wawili wa London, Michael Powner na Glen Jeffery, walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watu 30. Nusu yao walimulikwa mgongoni mwanga mwekundu kwa dakika 15, baadaye wakanywa maji ya glukosi. Sukari yao ilipanda kidogo kuliko ya wenzao, pungufu kwa karibu asilimia 28 katika zile saa mbili za kupimwa. Wanasema mwanga ule unaziamsha mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, nazo zikichapa kazi zinakula sukari zaidi. Nilifurahi kusikia, kweli. Lakini watu wale 30 walikuwa wazima, hata mmoja hana kisukari, na walimulikwa mara moja tu. Kutoka hapo hadi kuniambia mimi na wewe tuache metformini, vidonge vyetu vya sukari, ni mbali mno, na anayekuambia hivyo anacheza na maisha yako.

Na ile ya mishipa? Inasemwa kwamba mwanga unafanya damu iachie hewa ya naitriki oksaidi. Hewa hiyo inalegeza mishipa kweli, Wamarekani watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuigundua kazi yake. Ndiyo maana maneno ya muuzaji yanaingia akilini. Ila huko huko Marekani walikuwa na vipande vya kufunga miguuni vinavyotoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwaka 2008 zikatoka habari za wagonjwa 69 wenye ganzi ya kisukari, waliovitumia nyumbani dakika 40 kila siku kwa siku 90. Wengine walipewa vipande vya kweli, wengine vya bandia, na wenyewe hawakuambiwa. Mwisho wa siku 90 hakukuwa na tofauti kati yao. Tayari mwaka 2006 Medicare, bima ya serikali ya wazee kule, ilikuwa imekataa kuvilipia.

Ganzi yetu hii, shoga, imeletwa na sukari iliyokaa juu miaka mingi, ikaila mishipa ya fahamu na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Kwa hiyo hiyo laki tatu na nusu mimi ningenunua vijiti vya kipimo na viatu vya kufunika vidole. Mimi siku hizi nikimaliza kula mchana natembea robo saa, taratibu, hadi karibu na bahari na kurudi. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kwenye damu hata kama insulini, ile homoni ya kushusha sukari, imezembea. Naiona kwenye kipimo changu mwenyewe.

Usiku nachukua kioo cha kunyolea cha Baba Rashidi, nakiweka sakafuni, napitisha nyayo juu yake moja moja. Natazama katikati ya vidole, pale fangasi wanapopenda kukaa, na kisigino kama kimepasuka. Kabla ya kuvaa kandambili naingiza mkono ndani, maana mwaka ule shangazi alitoka sokoni na msumari mdogo umemwingia, akajua alipoona damu kwenye vigae.

Jumatatu nenda kliniki. Waombe wakupime sukari ya miezi mitatu, na wakuguse nyayo kwa ule uzi wa plastiki huku umefumba macho. Macho nayo wayaangalie. Hiyo taa, kama bado unaitamani, mtajie daktari mbele yake, umsikie mwenyewe.

Nakuja Morogoro baada ya Idi, in shaa Allah. Ukitoka kliniki nipigie siku hiyo hiyo uniambie uzi umeusikia mara ngapi.

Wako,
Mama Rashidi