Kichocheo cha porifirini kinadumu kwa muda gani?

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo habari za seli za mafuta za haidrojeni, yaani vifaa vinavyozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, huliruka. Kila kinapotangazwa kichocheo (dutu inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha bei nafuu cha kuchukua nafasi ya platinamu, msomaji huambiwa umeme uliopatikana siku ya majaribio, lakini haambiwi kichocheo hicho kilidumu kwa muda gani, wala oksijeni iligeuka kuwa nini.

Miongoni mwa vichocheo hivyo, porifirini zinastahili kutazamiwa mema. Ni molekuli za umbo la pete, ambazo atomu zake nne za nitrojeni hushika atomu ya metali katikati. Yenye chuma ndiyo inayobeba oksijeni katika damu, na nyingine ya jamii hiyo, ikishirikiana na shaba ndani ya seli za mwili, huigeuza oksijeni tunayovuta kuwa maji. Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba kobalti iliyoshikwa na ftalosianini, molekuli inayofanana sana na porifirini, inaweza kuiwezesha oksijeni kupokea elektroni kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme ndani ya seli ya mafuta.

Ugumu uko kwenye idadi ya elektroni. Molekuli ya oksijeni ikipokea nne huwa maji. Ikipokea mbili tu, hutokea haidrojeni peroksaidi, na porifirini nyingi za kobalti huishia hapo. Umeme hupungua, na kibaya zaidi, peroksaidi hiyo ikikutana na chuma huzaa radikali, yaani chembe kali za kikemia, zinazoutafuna utando unaotenganisha pande mbili za seli ya mafuta, pamoja na pete yenyewe ya porifirini. Mwaka 1980 James Collman na wenzake waliziweka porifirini mbili za kobalti uso kwa uso, zikapitisha elektroni zote nne. Ni kazi ninayoistahi sana, ingawa molekuli za namna hiyo ni ngumu kutengeneza. Wengine huchoma porifirini pamoja na kaboni, bila hewa, katika joto la nyuzi 700 hadi 1,000 za Selsiasi; kichocheo huimarika, lakini pete huvunjika, hivyo si sahihi gazeti kuendelea kukiita porifirini.

Nawaomba waandishi wako wamuulize kila mtafiti ni sehemu gani ya oksijeni iliyogeuka peroksaidi, na umeme ulishuka kiasi gani baada ya saa nyingi za kazi mfululizo. Waulize pia kama majaribio yalifanyika katika alkali au ndani ya seli yenye utando wa asidi, kwa sababu katika asidi metali hung'oka kwenye pete yake, na kichocheo kilichosifiwa asubuhi huenda kikawa kimedhoofika kabla ya jua kuzama.

Msomaji wako