Namba za damu za wagonjwa wa kansa ya tumbo zisiishie kwenye faili

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hii kansa ya tumbo maana wagonjwa wetu wengi wanafika hospitali wamechelewa, mtu kameza dawa za vidonda vya tumbo weee, ndo anakuja kuangaliwa kwa kamera anakatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima, anaambiwa imeshasambaa. Anaanzishiwa dripu za kemo na ndugu wote swali lao ni moja, hizi dawa zitamkubali?

Nimemuuguza shangazi yangu, na kila kabla ya dripu wanamtoa damu ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, daktari anaangalia kama damu na chembe nyeupe zinatosha kupokea dawa, basi, karatasi inaenda kwenye faili. Sasa kwenye karatasi hiyohiyo kuna mstari wa neutrofili na mstari wa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, tuseme 6.0 kwa 1.5, unapata 4. Watafiti wa Japani, China na Korea Kusini wameandika sana kuhusu hiyo namba, kwamba wagonjwa wa kansa ya tumbo wanaoanza matibabu ikiwa juu, kwa ujumla maendeleo yao huwa mabaya kuliko wale ambao iko chini. Na hapo hujanunua mashine, ni kikokotoo cha simu tu.

Ila jamani isichukuliwe kama hukumu. Hakuna kiwango kimoja ambacho madaktari wote wamekubaliana, halafu namba yenyewe inapanda kwa maambukizi au dawa za steroidi, na huku kwetu kuna malaria, TB na VVU, huwezi kuchukua kiwango cha Tokyo ukakibandika Mwanza. Ndo maana natamani hospitali za Ocean Road, Bugando na KCMC ziungane kwenye hili, zichukue namba za wagonjwa wetu wenyewe toka kabla ya dripu ya kwanza, pamoja na albumini (protini ya kwenye damu) na uzito, tujue kwa watu wa hapa dawa zinamkubali nani na nani abadilishiwe mapema kabla hajamaliza nguvu na hela.

Na hizi maabara zinazouza vipimo vya damu vya CEA na CA 19-9 eti ujue kama una kansa, hapana. CEA inapanda hata kwa mvuta sigara, na kuna watu toka kuzaliwa miili yao haitengenezi hiyo CA 19-9, ana kansa na majibu yanatoka safi. Kazi nzuri ya vipimo hivyo ni kumfuatilia mgonjwa ambaye vilikuwa juu toka mwanzo, kama vinashuka anapoendelea na dripu.

Mnaouguza, msitupe karatasi ya damu hata moja, zipangeni kwa tarehe mwende nazo kwa daktari. Na Wizara ya Afya itujibu hapahapa gazetini, kumbukumbu za wagonjwa wa kansa haziwezi kuongezewa safu mbili tu, neutrofili na limfosaiti za siku ya kwanza?

Msomaji wako, Mwanza